Tulienda kuwahubiria Marafiki wa Uingereza wanaoabudu kimya. Naomba tuliongelee hili

#1 Mtiriki_Ughaibuni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, usome ukiwa umetulia. Nimekaa nao moyoni karibu miaka minne.

Nimezaliwa Vihiga, si mbali na Kaimosi, kwenye ukoo wa Marafiki, wale ambao dunia inawaita Quaker. Nyanya yangu alikuwa mama wa kanisa mpaka anaingia kaburini. Mimi mwenyewe niliokoka nikiwa kidato cha pili na sijawahi kujuta. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nimepoa.

Nilipofika Uingereza kwa kazi ya kutunza wazee, kitu cha kwanza nilichotafuta ni kanisa. Nikaona kibao cha Quaker getini kwenye mji mmoja wa kaskazini, moyo ukaruka. Jumapili nikavaa suti, Biblia kwapani, nikaingia nikitarajia kwaya, mhubiri na matangazo ya harambee. Nikakuta watu kumi na wanne wameketi kwa duara, wengi mvi tupu. Katikati meza ndogo yenye maua, Biblia moja na kijitabu chekundu. Mimbari hakuna. Nikakaa nikingoja waanze.

Kumbe walishaanza. Saa nzima ya kimya, mpaka unasikia maji yakipita kwenye mabomba ya joto. Baada ya dakika arobaini hivi mama mmoja akasimama, akaeleza jinsi jirani alivyomkatia mti wake wa matufaa na jinsi alivyoshindwa kumsamehe. Akaketi. Kimya kikarudi. Mwishoni wazee wawili wakapeana mikono, kila mtu akampa mkono aliye karibu naye, ibada imekwisha, karibuni chai.

Kwenye chai nikamuuliza mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kama wanamwamini Yesu kuwa Mwokozi. Alifikiri kwanza. Akasema: wengine ndiyo, wengine wangelisema kwa maneno mengine, na wawili watatu humu hawana hakika kama Mungu yupo. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi.

Usiku ule sikulala. Jina ni lile lile la nyanya yangu, lakini imani sikuitambua.

Nikapeleka habari kwenye ushirika wetu wa Ijumaa, watu wa Afrika Mashariki tunaokutana kuomba. Ikawa moto. Tukafunga siku tatu. Mpango ukawa hivi: kwa kuwa ibada yao inamruhusu yeyote aliyesukumwa na Roho kusimama na kusema, tuingie tisa, tukae tumetawanyika, tusimame mmoja baada ya mwingine na ushuhuda wa wokovu. Vijikaratasi vya Injili tuviache chini ya vitabu na kwenye mifuko ya makoti kule mlangoni. Tusimwambie mtu tumetoka wapi wala tumekuja kwa nini.

Nami nilikubali. Mimi ndiye niliyewaonyesha mlango.

Jumapili ile ndugu wa kwanza alisimama dakika ya tano. Alipoketi tu akasimama wa pili, halafu wa tatu. Desturi yao, mtu akisema, wengine wanayaacha maneno yake yatulie kabla mwingine hajafungua kinywa. Sisi hatukuacha hata pumzi. Wa nne alipofika kwenye jehanamu, yule mama wa matufaa aliinuka, akachukua koti lake, akatoka. Nilimwona kupitia dirishani, ameegemea ukuta, anatetemeka. Baadaye nikaambiwa kwamba alilelewa kwenye kanisa kali, na alipokuwa msichana alisimamishwa mbele ya watu wote na kutajwa dhambi zake kwa jina. Alikuja kwenye kimya kutafuta mahali ambapo hakuna atakayemnyooshea kidole. Tukamfuata mpaka humo humo.

Hakuna aliyetufukuza. Baada ya ibada yule mwalimu mstaafu alipita akikusanya vile vijikaratasi, kimoja kimoja, mpaka vya kwenye makoti. Akavipanga, akavitia kwenye bahasha, akanipa mimi. Akasema: mnaweza kuvileta tena, tutaviweka pale mezani watu wavione, ila mwandike majina yenu.

Wakuu, kauli hiyo ilinichoma kuliko mahubiri yoyote. Sisi Marafiki tangu enzi za George Fox, mwanzilishi wetu, tunakataa kuapa mahakamani kwa sababu ndiyo yetu inatakiwa iwe ndiyo siku zote. Halafu nimeingia nyumba ya Marafiki nimeficha jina.

Naendelea chini, msiniwahi.

#2 Mtiriki_Ughaibuni

Baada ya hapo nilianza kusoma historia yetu, kwa sababu nilikuwa na swali moja: ikiwa hawa ndio Quaker, sisi wa Kaimosi tulitoka wapi na wimbo, mchungaji na wito wa kuokoka?

Jibu lilinikalisha chini.

Marafiki walianza Uingereza miaka ya 1650 wakiabudu kimya. Wote. Fox alifundisha kwamba Kristo mwenyewe anamfundisha mtu moja kwa moja, hivyo wakawa wanakaa na kumngoja. Miaka kwa miaka, kimya kile kikazaa watu wa aina mbili. Huko Marekani kulikuwa na mkulima wa Long Island, Elias Hicks, aliyehubiri kwamba Nuru iliyo ndani ndiyo msingi, na akayapunguzia uzito mafundisho ya damu ya msalaba. Marafiki wa kiinjili wa Uingereza wakasikia, wakashtuka, wakaanza kuvuka bahari kwenda kuwarudisha. Mmoja wao alikuwa mama kutoka Kendal, Anna Braithwaite. Alikwenda Marekani mara tatu katika miaka ya 1820. Alikwenda hadi nyumbani kwa Hicks kule Jericho, wakajadiliana ana kwa ana, kisha mazungumzo yao yakachapishwa, yakawa moto wa petroli. Mwaka 1827 Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, yaani chombo kinachounganisha vikao vya Marafiki wa eneo lile, ulipasuka vipande viwili, na mpasuko ukaenea mikutano mingine.

Lakini tazameni kilichofuata. Anna alikuwa na mtoto mdogo, Joseph Bevan Braithwaite, aliyezaliwa 1818. Mtoto huyo alikua, akawa wakili, na mwaka 1887 kule Richmond, Indiana, ndiye aliyeongoza kuandika Tamko la Richmond, ungamo la imani ya kiinjili la Marafiki. Uingereza kwenyewe Mkutano wa Mwaka wa London haukulipitisha. Sisi wa Kenya tunalishika mpaka leo.

Katikati ya hapo, kuanzia miaka ya 1860, uamsho ulipita kwenye vikao vya kimya vya Indiana, Ohio na Iowa. Wahubiri wa wokovu, wengi wao Marafiki waliozaliwa humo humo, walileta nyimbo na benchi la toba kwa watu ambao hawajawahi kuimba ibadani maisha yao yote. Kule Bear Creek, Iowa, mwaka 1877, wazee walipoona watu wanaitwa mbele walisimama wakatoka nje, na hawakurudi. Hebu mfikirie mzee wa miaka sabini anatoka kwenye jengo alilolijenga mwenyewe.

Na kutoka kwenye moto huo ndipo ilipotoka shule ya Biblia ya Cleveland, Ohio, iliyoanzishwa 1892 na Walter na Emma Malone, Marafiki wa uamsho. Kwenye mzunguko huo walipatikana vijana watatu: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Walifika Kaimosi Agosti 1902, wakafungua misheni yenye kinu cha kupasua mbao. Nyanya alizaliwa kwenye matokeo ya safari hiyo.

Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema kuwahubiria Marafiki wa kimya ni dhambi. Bila hao waliohubiri wokovu ndani ya vikao vya kimya, mimi nisingekuwa nimeokoka. Lakini pia siwezi kusema haikugharimu kitu. Na kuna tofauti ambayo naiona sasa: Anna Braithwaite aligonga mlango kwa jina lake na kukaa meza moja na mtu aliyempinga. Sisi tuliweka karatasi kwenye mifuko ya makoti.

#3 Askari_wa_Zamu

Mtumishi, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, ila sikubaliani nawe. Soma Ezekieli 33. Mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itatakwa mkononi mwake. Haisemi apige taratibu ili asimuudhi aliyelala. Wewe mwenyewe umesema wapo humo wasiojua kama Mungu yupo. Wana umri gani? Sabini, themanini. Muda wanao? Mimi nilikuwa mlevi wa kutupwa pale Eldoret, nikahubiriwa stendi na mtu nisiyemjua, kwa kelele, nikiwa sitaki. Leo nina mke na watoto. Angengoja nimkaribishe chai ningekuwa kaburini.

#4 Mtiriki_Ughaibuni

Mkuu Askari_wa_Zamu, ubarikiwe. Neno lako ni zito, sitalipita juu juu.

Tarumbeta ya Ezekieli inapigwa ukutani, mchana, na kila mtu anamwona anayeipiga. Yule aliyekuhubiria stendi alisimama mbele ya watu, ungeweza kumtukana au kumpiga, na alijua hivyo. Mahubiri ya namna hiyo nayaheshimu na nitayatetea. Ninachokipinga ni kule kujifanya mmoja wao ili upewe nafasi ya kusema, kutumia ukarimu wa watu dhidi yao.

Na kuna jambo la lugha. Hotchkiss, kabla ya Kaimosi, alikaa Ukambani. Alisimulia mwenyewe kwamba alitafuta neno la Kikamba la "mwokozi" kwa zaidi ya miaka miwili. Kila siku yuko na watu, anasikiliza. Akalipata jioni moja mtu akisimulia jinsi mwenzake alivyoponywa na simba. Miaka miwili kwa neno moja! Sisi wale wazee tuliwapa dakika tano, kwa maneno ambayo masikioni mwao yana makovu.

#5 Binti_wa_Kibokoni

Jamani naomba nami niseme. Nimezaliwa Mombasa, niko Pennsylvania, Marekani, mwaka wa kumi na moja, na nasali na Marafiki wa kimya. Nimeyaona hayo ya mleta uzi nikiwa upande ule mwingine.

Wanakuja. Wakati mwingine ni vijana wa chuo cha Biblia, wakati mwingine ni jirani mwenye nia njema. Kitu kinachoniuma si kwamba wanamtaja Yesu. Mimi namwomba Yesu kila siku, kwa Kiswahili, ndani ya kimya hicho hicho. Kinachoniuma ni kwamba wakishaona hatuna msalaba ukutani wanaamua hatuna kitu. Hawaulizi. Mmoja alinipa kijitabu cha kunifundisha kuomba, siku niliyokuwa nimetoka kumzika mama kwa simu, siwezi kusafiri kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Wale "wasiookoka" walikuwa wamekaa nami sebuleni kwangu usiku mzima bila kusema neno, mmoja amenishika mkono. Yeye hakujua hata jina langu.

Hapa Pennsylvania ukizunguka miji midogo utaona nyumba mbili za mikutano ya Quaker mahali ambapo moja ingetosha. Ni 1827 hiyo. Watu waliooana, waliolima pamoja, wakaanza kupita barabara moja Jumapili wakiingia milango tofauti. Mikutano miwili ya Philadelphia iliungana tena mwaka 1955. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

#6 Mtiriki_Ughaibuni

Dada, pole sana kwa mama. Asante kwa kuandika.

Miaka 128.

#7 Umurundi_w_i_Gitega

Amahoro bandugu. Mimi ni Rafiki wa Burundi. Yule Chilson mnayemtaja ndiye alikuja kwetu mwaka 1934 akafungua misheni ya Kibimba. Kwa hiyo sisi pia ni watoto wa uamsho ule, tena wa kiinjili kabisa.

Nataka kusema kitu ambacho wazee wetu wanakisema kwa sauti ya chini. Tulihubiriwa wokovu vizuri. Amani hatukuhubiriwa vya kutosha. Oktoba 1993, pale pale Kibimba, wanafunzi wa Kitutsi waliteketezwa kwa moto, na kati ya walioua walikuwepo watu waliojua nyimbo zetu. Baada ya hapo, walipokuja watu kutufundisha namna ya kukaa tena na jirani aliyekuumiza, wengi wao walikuwa Marafiki wa mrengo ule wa kimya. Hawakutuuliza kama tumeokoka, nasi hatukuwauliza. Hapakuwa na nafasi ya swali hilo.

#8 Mtiriki_Ughaibuni

Ndugu yangu wa Gitega, umenifungulia mlango niliokuwa nauogopa.

Kwetu ilikuwa 2008. Mjomba wangu alikuwa na shamba upande wa Lugari. Nyumba ikaenda na moto baada ya uchaguzi, ng'ombe wakaenda, akatoka na redio na mtoto mgongoni. Januari ile Marafiki wa Kenya walikutana Kakamega kutafuta la kufanya, na mwaka huo huo zikaundwa timu za amani za makanisa yetu. Mojawapo ya warsha zilizotumika ni ile ya njia mbadala dhidi ya vurugu, AVP. Ilianza 1975 kwenye gereza la Green Haven, New York, wafungwa walipowaomba Quaker wa huko wawasaidie. Mjomba alikaa kwenye duara moja na vijana waliotoka upande wa waliochoma. Alinisimulia kwamba walianza kwa kutaja jina na kitu kimoja kizuri juu yako, na kwamba kijana mmoja alikaa dakika nzima hajapata cha kusema.

Nikaona basi: tulidhani tuna mkate na wao wana njaa. Kumbe walishatulisha, tena kwenye saa mbaya kuliko zote, na wala hawakutuma bili.

Simaanishi matendo mema yanatosha kumwokoa mtu. Mimi naamini Waefeso 2 neno kwa neno. Nasema tulivyowaona haikuwa kweli.

#9 Mwalimu_Mstaafu_Bungoma

Kijana, mimi ni mzee wa kanisa hili. Unaandika vizuri, lakini umeruka jambo ambalo ndilo kiini cha ugomvi. Mwaka 2009 hao wa Uingereza waliamua kufungisha ndoa za jinsia moja. Huku kwetu watu walilia. Tukikaa nao kimya, si tunakubali?

#10 Mtiriki_Ughaibuni

Shikamoo mzee. Sikuliruka kwa hila, nililiogopa.

Msimamo wangu juu ya ndoa ni ule nilioupata kwenu, haujabadilika, na pale kwenye mkutano wanaujua kwa sababu niliwaambia. Nilisimama Jumapili moja, nikataja jina langu, nikasema ninaloamini kuhusu Yesu na kuhusu Maandiko, kama dakika tatu, nikaketi. Palikuwa na kimya kirefu. Baadaye mwanamume mmoja anayeishi na mwenzake alikuja kunipa mkono. Aliniambia hakubaliani nami hata kidogo, na kwamba amefurahi nimelisema mbele yake badala ya nyuma yake.

Mwaka 2012 Marafiki wa dunia nzima walikutana Kabarak, pale Nakuru, karibu 850. Kulikuwa na wa kimya, wa pambio na wa katikati. Walioandaa mkutano ule walijua kila tofauti unayoitaja mzee, na bado waliwakaribisha. Kukaa meza moja na mtu hakujawahi kuwa kukubali kila anachoamini. Bwana wetu alikula na watoza ushuru.

Na mzee, tusisahau kwamba hata sisi tumefanyiana haya. Mwaka 1927 Kaimosi, baada ya Chilson kuhubiri juu ya Roho Mtakatifu, watu wakaanza kuomba kwa kelele na kulia. Viongozi wetu wakawaona wamepotoka, wakabanwa hadi wakatoka. Ndio hao leo wenye makanisa yao ya Roho, wanaopita na ngoma na kanzu nyeupe. Nyanya alikuwa na dada yake huko. Kwa miaka mingi kila mmoja alimwombea mwenzake aokoke.

#11 Askari_wa_Zamu

Nimerudi. Hoja ya mchana na usiku nimeitafakari, nakubaliana nayo nusu. Kuficha jina hapana, hiyo si ya Mungu. Lakini bado nasema msiache kusema. Swali langu la mwisho: yule mwalimu mstaafu wa bahasha, ameokoka?

#12 Mtiriki_Ughaibuni

Mkuu, nakujibu kama ilivyo.

Yule mama wa matufaa nilimwomba msamaha kwa barua yenye jina langu. Ilimchukua miezi mitano kurudi, na bado anakaa karibu na mlango. Watano kati ya wale tisa wetu hawakubaliani nami na wameacha kunialika Ijumaa. Hilo linaniuma, ni watu nilioomba nao.

Yule mzee wa bahasha ana saratani sasa. Yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, si ile ninayofanya kazi. Nakwenda Alhamisi nikitoka zamu. Mwanzoni tulikuwa tunabishana, anapenda ubishi wa maandiko, alifundisha historia miaka thelathini. Sasa pumzi haitoshi, tunakaa tu. Nimemwambia wazi, zaidi ya mara moja, kwamba natamani amjue Yesu kama ninavyomjua, na kwamba namwombea hilo kwa jina. Alisema endelea, nitakuwa na wasiwasi ukiacha.

Alhamisi iliyopita aliniuliza nyanya yangu alikuwa anaimba nini. Nikamwimbia "Mwamba wenye imara", beti zote, kwa sauti ya chini kwa sababu kitanda cha pili mtu alikuwa amelala. Akaniuliza maana ya maneno, nikamweleza mstari kwa mstari. Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kuvaa koti, akanyoosha mkono.

Nami nikampa wangu, kama wanavyofanya wakifunga ibada. Alhamisi hii naenda tena.